Kusoma mawe ya Goma: jinsi ya kutambua mwani, likeni na kuvumwani

Miji mingi imesimama juu ya mawe ambayo hakuna ajuaye yalitokea mwaka gani. Goma sivyo. Hapa mtoto wa shule anaweza kukuonyesha lava ya 2002 iliyopita katikati ya mji, mzee wa upande wa kaskazini akakuonyesha ya 1977, na ukifika Buhene utakanyaga ya 2021. Nyiragongo, volkano yetu, imetunyang'anya nyumba, masoko na ndugu, lakini mwamba uliobaki una tarehe: 10 Januari 1977, 17 Januari 2002, 22 Mei 2021. Chochote kilichoota juu ya mwamba huo kilifika baada ya tarehe yake. Kuna wanasayansi wanaosafiri mbali kutafuta nafasi ya namna hiyo. Sisi tunaifagia uani.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa biolojia asiye na maabara, wa mwanafunzi, na wa yeyote anayejiuliza ule utando wa kijivu kwenye ukuta wa mawe ni kitu gani. Niseme msimamo wangu mapema: usianze na jina. Watu hupoteza siku nzima wakisaka jina la Kilatini kwa picha ya simu, na kumbe jiwe, kivuli na maji vingewaeleza mengi zaidi. Jina litakuja lenyewe, na mara nyingi ukifika kwenye jenasi, yaani kundi la aina zinazokaribiana, inatosha.

Hatua ya 1: Tenganisha makundi matatu

Mwani hujitengenezea chakula kwa mwanga, lakini hauna mzizi, shina wala jani. Aina nyingi ni za seli moja, hazionekani kwa macho mpaka zikusanyike kwa maelfu. Humu tunaweka pia sianobakteria. Kwa ukoo hizo ni bakteria, ila ukutani na majini zinafanya kazi ileile, na bila hadubini ni vigumu kuzitenga.

Likeni si mmea. Ni kuvu inayoishi na mwani au sianobakteria ndani ya mwili mmoja: kuvu inashika maji na kumkinga mwenzake na jua kali, mwenzake anatengeneza sukari. Mswisi Simon Schwendener alipolitangaza jambo hilo mwaka 1867, wataalamu wengi wa likeni wa wakati wake walilikataa kwa hasira. Mwaka 2016 kundi la watafiti lililoongozwa na Toby Spribille likaonyesha kwamba katika likeni nyingi kuna mpangaji wa tatu, hamira, aliyejificha kwenye ngozi ya nje.

Kuvumwani ni mmea kamili, mdogo tu. Una kishina na majani, lakini hauna mizizi ya kweli wala mishipa ya kupandisha maji kama mhindi au mgomba. Unakunywa kwa mwili mzima. Jamaa zake wa karibu ni hepatiki, ambazo baadhi zina mwili bapa unaolala chini bila shina wala majani, ingawa nyingi zina vijani.

Kwa vidole na macho, utaratibu ni huu. Ukiona vijani vidogo vya kijani vilivyopangana kwenye kishina, ni kuvumwani. Ukiona gamba, kipande kama ngozi kavu, au kichaka kidogo cha kijivu kisicho na jani hata moja, ni likeni. Ukipata utelezi, nyuzi laini, poda ya rangi, au utando usio na umbo, ni mwani au sianobakteria.

Wapo wanaodanganya. Gugumaji na zile kijani ndogo zinazoelea kwenye maji yaliyotuama si mwani, ni mimea yenye mizizi inayoning'inia majini, igeuze uione. Selaginela, inayotambaa kwenye vivuli vya mawe, watu huichukua kuwa kuvumwani kubwa, lakini ina mishipa na ni jamaa wa mbali kabisa. Na vijani vya jangamano (jamii ya kangaga) changa vinavyochungulia kwenye ufa wa lava hudanganya hata walimu. Subiri vikue wiki chache.

Hatua ya 2: Vifaa

Nunua lenzi ya mkono inayokuza mara 10, hata ile ya fundi saa. Ishike karibu kabisa na jicho, kisha usogeze kitu, usisogeze lenzi. Hilo peke yake hubadilisha kila kitu. Chukua pia chupa ya kupulizia maji kama zile za saluni, rula, kisu kidogo, bahasha za karatasi, na penseli, kwa sababu biki haiandiki kwenye karatasi iliyolowa. Kichupa cha javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, kitakuja na kazi yake baadaye. Mfuko wa plastiki uache nyumbani: sampuli ikifungiwa humo na unyevu wake huota ukungu kabla hujapata nafasi ya kuitazama.

Hatua ya 3: Kabla ya kuinama

Sehemu hii haipo katika miongozo ya Ulaya, na kwetu ndiyo ya kwanza kwa uzito. Kazi hii inakutaka uiname, uweke uso karibu na ufa, ushuke kwenye vibonde vyenye unyevu. Ndivyo vibonde hivyohivyo vinavyokusanya mazuku. Gesi ile ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Haionekani, ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hulala chini na kujaa mahali palipobonyea. Upande wa Bulengo, Mugunga, Lac Vert mpaka Sake panajulikana sana kwa hilo, lakini usidhani kwingine ni salama kwa kuwa hakuna aliyekwambia.

Usiku na alfajiri pasipo upepo ndiyo saa mbaya zaidi. Toka jua likishapanda na upepo ukiwa unavuma, na usiende peke yako. Usiingize kichwa kwenye shimo au pango la lava hata kama ukutani mwake pana kuvumwani nzuri kuliko zote. Ukikuta ndege, mijusi au wadudu waliokufa pamoja chini, ondoka. Ukihisi pumzi inakata au kichwa kinazunguka, simama wima na upande juu mara moja. Mwenzako akianguka kibondeni, usimrukie: waokoaji wengi hufia palepale. Ita watu, mtafute namna ya kumvuta mkiwa juu.

Mengine kwa kifupi. Lava mpya inakata kama chupa, vaa viatu vilivyofungwa. Fuata njia ambazo watu wanapita kila siku, na usiguse chuma chochote usichokijua, kwani vita vimeacha vitu vibaya ardhini. Ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, huruhusiwi kuchukua hata kipande cha likeni bila kibali. Hutakosa chochote: mji wenyewe una vya kutosha.

Hatua ya 4: Pulizia maji, kisha ungoje

Kipimo hiki ni cha bure na kinafundisha kuliko vyote. Viumbe hawa hawana namna ya kuzuia maji yasiwatoke. Jua likiwaka wanakauka na kulala. Mvua ikinyesha wanaamka ndani ya dakika chache. Kwa hiyo pulizia, hesabu dakika mbili, utazame.

Likeni iliyokuwa kijivu ikigeuka kijani, ndani yake mna mwani wa kijani: ngozi ya kuvu ikilowa huwa angavu, na rangi ya mwenzake inaonekana. Likeni ikigeuka nyeusi au kahawia iliyokolea, ikavimba na kuwa kama ute mgumu, mwenzake ni sianobakteria. Tofauti hiyo si ya rangi tu. Sianobakteria nyingi zina uwezo wa kuchukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea, na lava mpya haina nitrojeni karibu kabisa. Ukiona weusi unaovimba juu ya jiwe tupu, hapo ndipo mbolea ya kwanza ya mahali pale inapotengenezwa.

Kuvumwani kavu ina majani yaliyojikunja na kubana shina. Ukiilowesha hufunguka mbele ya macho yako. Ipulizie mbele ya wanafunzi wako mara moja tu, hutahitaji kuwaambia wanyamaze.

Madoa meusi yanayoshuka kwenye kuta za saruji chini ya mabati hudhaniwa kuwa moshi. Pulizia na usugue kwa kidole. Masizi hutoka na kuchafua kidole. Utando wa sianobakteria huwa na utelezi na haubanduki kirahisi. Michirizi hiyo hufuata njia ya maji ya mvua, ndiyo maana imenyooka.

Hatua ya 5: Likeni

Kwanza umbo. Likeni ya gamba imeshikana na jiwe hivi kwamba huwezi kuitoa bila kuvunja jiwe. Likeni ya jani ina kingo unazoweza kuziinua kwa ukucha, na upande wa chini una rangi tofauti na wa juu. Likeni ya kichaka imesimama au inaning'inia, ina matawi, haina upande wa juu wala wa chini.

Kisha tafuta kwa lenzi inavyozaa. Visahani vya mviringo, vyeusi, vya kahawia au vya chungwa, ni vya kuvu peke yake: vinarusha spora, chembe ndogo mno za kuzalia, na kila spora ikitua lazima ibahatike kumpata mwani wa kuishi naye. Poda kama unga kwenye kingo, au vijiti vidogo sana juu ya ngozi, ni njia nyingine: kila punje imebeba kuvu na mwani wake pamoja, tayari kuanza maisha. Andika ulichoona, kwa kuwa vitabu vyote vya kutambua likeni huuliza jambo hilo mapema.

Sasa mgeni wetu mkuu, Stereocaulon vulcani. Ukitazama lava ambayo haijakanyagwa sana ukaiona imefunikwa na rangi ya fedha au majivu, ni huyu. Ni likeni ya kichaka, urefu wa sentimita chache, matawi yake yamejaa punje ndogo nyeupe. Huanza kuonekana miaka michache baada ya lava kupoa na inaweza kufunika mwamba mzima. Siri yake iko kwenye vivimbe vyeusi vidogo kati ya zile punje. Vitafute kwa lenzi. Mwenzake wa kila siku ni mwani wa kijani, lakini ndani ya vivimbe vile amefuga pia sianobakteria wa kumpatia nitrojeni. Ana mpishi na ana mtengeneza mbolea. Hapo ndipo anapowazidi wengine kwenye jiwe lisilo na udongo.

Kwenye miti ya zamani, hasa ukipanda kuelekea milimani, utakuta Usnea, ndevu za kijani-kijivu zinazoning'inia. Shika uzi mmoja kwa ncha mbili, uuloweshe, uvute polepole: ngozi ya nje itakatika na ndani utaonekana uzi mweupe unaonyumbuka. Uzi huo ukiwepo, ni Usnea. Usipokuwepo, umeshika kingine, mara nyingi Ramalina, ambayo matawi yake ni bapa.

Javeli inaingia hapa. Kwangua ngozi ya juu ya likeni kidogo mpaka weupe wa ndani uonekane, weka tone la javeli kwa ncha ya kijiti, utazame papo hapo. Baadhi hugeuka nyekundu au waridi kwa sekunde chache kisha rangi ikapotea, nyingine hazibadiliki. Rangi inatokana na asidi ambazo kuvu inatengeneza, na likeni hutofautiana kwa asidi hizo. Tumia javeli mpya, ya zamani huwa imekufa na itakudanganya kwamba hakuna kitu. Fanya kwenye kipande, si kwenye likeni nzima, na isikuingie machoni wala isiguse nguo.

Neno moja kwa wenye miti ya avoka: likeni iliyo kwenye gome haili mti wala haiuui. Imekaa tu. Ikiongezeka kwenye mti unaokauka ni kwa sababu majani yamepungua na jua limefika kwenye matawi. Usiikwangue kwa panga. Jeraha la panga ndilo litakaloleta ugonjwa.

Hatua ya 6: Kuvumwani

Uliza maswali manne. Je, shina limesimama wima na kufanya mito iliyobanana, au linatambaa na kutoa matawi kama zulia? Jani lina mshipa katikati au halina? Ncha ya jani ni butu, kali, au ina unywele mweupe? Na kuna kikonyo chenye kifuko juu?

Kifuko hicho ndicho kinachobeba spora. Wakati mchanga kinavaa kofia nyembamba. Kofia ikianguka, chini yake kuna kifuniko, na kifuniko kikitoka utaona kwa lenzi duara la meno madogo. Katika aina nyingi meno hayo hufunguka hewa ikiwa kavu na kujifunga ikiwa na unyevu, ili spora zitoke siku ambayo upepo unaweza kuzibeba. Pumulia kifuko huku ukitazama. Pumzi yako yenye unyevu inatosha kuyafanya yacheze.

Wakazi wa mjini ni wachache na ni rahisi. Bryum argenteum ina rangi ya fedha, hasa ikiwa kavu, kwa sababu ncha za majani yake hazina kijani na hurudisha mwanga. Inapenda mahali penye vumbi, mkojo na nyayo: kando ya njia, kwenye ngazi, kati ya matofali. Funaria hygrometrica hutokea kwenye jivu, kwa mfano mahali palipochomwa makala au takataka. Vikonyo vyake virefu hujisokota vikikauka na kujisokotoa vikilowa. Marchantia, ambayo ni hepatiki, utaikuta kwenye mfereji wenye kivuli: mwili bapa wa kijani na juu yake vikombe vidogo vyenye vipande mithili ya mbegu. Tone la mvua likipiga kikombe, vipande hurushwa na kila kimoja huwa mmea mpya. Polytrichum, kubwa na ngumu kama miche ya msunobari, inataka udongo wa asidi wa milimani, usiitafute Birere, katikati ya mji.

Jambo la kuelewa kuhusu kuvumwani ni maji. Mbegu yake ya kiume huogelea, kwa hiyo bila utando wa maji hakuna uzazi. Na ikishapata maji inayashika: Sphagnum ya kwenye vinamasi vya milimani hubeba hata mara 20 ya uzito wake mkavu. Mteremko uliofunikwa na kuvumwani huiachia mvua polepole. Ukiachwa wazi, maji yote yanashuka kwa pamoja na udongo wake.

Halafu utazame ukuta wowote wa mawe ya volkano uliojengwa kwa saruji. Kuvumwani mara nyingi iko kwenye mstari wa saruji, si kwenye jiwe. Saruji ina chokaa, ina vinyweleo vya kushika maji, na imerudi ndani kidogo ambapo kuna kivuli. Ukuta mmoja, makao mawili. Likeni za rangi ya chungwa nazo nyingi hupenda chokaa, zichunguze kama zimesimama juu ya saruji au zimevuka mpaka jiwe.

Hatua ya 7: Mwani, ukutani na ziwani

Ukutani na kwenye magome yenye unyevu utaona rangi ya chungwa au kutu yenye manyoya mafupi sana. Wengi huita kutu, wengine uchafu wa mvua ya volkano. Ni Trentepohlia, na kwa ukoo ni mwani wa kijani. Karotini, rangi ileile ya karoti, ndiyo inayoificha. Mwani huohuo umo pia ndani ya likeni nyingi za nchi za joto. Chini, kwenye uwanja uliokanyagwa, mvua ikinyesha hutokea vinundu vya ute wa kijani-kahawia ambavyo juzi vilikuwa magamba meusi makavu: hiyo ni Nostoc, sianobakteria, na haina sumu kwa kuigusa wala si mayai ya chura.

Ziwani anza na mawe ya pwani, yale yaliyo kwenye kina cha goti. Utando wa kahawia unaoteleza ni diatomu hasa, mwani wa seli moja. Kila moja imejifungia kwenye ganda la silika (madini ya kutengenezea kioo), na ukisugua utando huo kati ya vidole utasikia mkwaruzo mdogo kabisa. Nyuzi za kijani zipime kwa mkono: zinazoteleza kama sabuni huenda ni Spirogyra na jamaa zake, zilizo kavukavu na kukwaruza ni za kundi la Cladophora.

Kwenye maji ya wazi mwani hauonekani, lakini ndio unaolisha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kivu ni ziwa la kina kirefu, karibu mita 485, na maji yake ya chini yenye gesi hayachanganyiki na ya juu. Kati ya Juni na Septemba upepo wa kiangazi huvuruga tabaka la juu mpaka karibu mita 60, ukapandisha chumvichumvi zilizozama, na diatomu huongezeka. Wanyama wadogo wa majini hula mwani, sambaza hula wanyama hao. Ukipata mvuvi wa kukupakia, funga sahani nyeupe kwenye kamba yenye fundo kila nusu mita, uishushe upande wa kivuli wa pirogi, uandike kina inapopotea machoni. Mpaderi Angelo Secchi alifanya hivyo baharini 1865, na kipimo hicho bado kinatumika. Rudia kila mwezi mahali pamoja na utaona majira yakibadilika. Kisha nenda Lac Vert ufanye vilevile ukiwa ndani ya mtumbwi, na ukumbuke niliyosema kuhusu mazuku.

Ukikuta kwenye maji yaliyotuama utando unaofanana na rangi ya kupakia nyumba iliyomwagika, ingiza kijiti. Kikitoka na nyuzi zinazoning'inia, ni mwani wa nyuzi. Kikitoka kimepakwa tu, shuku sianobakteria. Jaza chupa angavu robo tatu, iache usiku mzima bila kuitikisa: sianobakteria nyingi hupanda juu, mwani wa kijani hushuka. Zikipanda juu, mifugo isinywe hapo na watoto wasiogelee, kwani baadhi hutoa sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi.

Bidoni (dumu) la maji linalogeuka kijani ndani linaonyesha kwamba mwanga unaingia, basi. Lifunike au lipake rangi nyeusi kwa nje, ulisugue. Lakini usigeuze hoja: maji yasiyo na kijani si lazima yawe salama. Vijidudu vya kipindupindu havionekani, na maji ya ziwa yanatakiwa kutiwa kloro hata yang'ae namna gani.

Hatua ya 8: Linganisha lava tatu

Hapa ndipo tarehe zinapolipa. Tengeneza fremu ya waya yenye upande wa sentimita 50, uifunge kamba mpaka upate vyumba 25 vya sentimita 10. Iweke juu ya lava ya 2021, ya 2002 na ya 1977, mara kumi kila moja, kwa kupiga idadi ileile ya hatua kati ya sehemu na sehemu ili usichague penye kupendeza. Hesabu vyumba ambavyo kuna likeni, kuvumwani, jangamano, au jiwe tupu. Likeni ikiwa katika vyumba 10 kati ya 25, andika 40%.

Linganisha sawa na sawa: lava laini yenye mikunjo na laini, iliyovunjikavunjika na ileile, mteremko na mteremko. Kuhusu tarehe, uliza kabla ya kuamini macho. "Jambo papa, jiwe hili ni la mwaka gani, la Mobutu au la juzi?" Utapata jibu na hadithi juu yake.

Angalizo kubwa: jiwe lililopasuliwa saa yake huanza upya. Mawe ya ukuta wa nyumba huenda ni ya 1977, lakini uso unaouona ulifunguliwa siku ya nyundo. Umri wa likeni za ukutani upime na mwaka wa ujenzi, siyo na mwaka wa mlipuko. Wengi hukosea hapo, na matokeo yao huonekana kama likeni za Goma zinakua kwa uvivu.

Vitabu vya shule vinaeleza ngazi: kwanza likeni, kisha kuvumwani, kisha jangamano, kisha kichaka. Ngazi hiyo ni nadhifu mno. Kwenye lava yetu tazama ufa. Vumbi na maji vinajikusanya humo mapema, na jangamano inaweza kuota ndani ya ufa huku uso wa jiwe, sentimita tano pembeni, ukiwa bado na likeni peke yake au mtupu. Kwa hiyo andika safu mbili tofauti, ya uso na ya ufa. Ukizichanganya utapata wastani usioeleza kitu.

Hatua ya 9: Hewa

Tangu 1866, William Nylander alipoona likeni zinatoweka kwenye miti ya Paris, watu wametumia likeni kupima hewa. Zinameza kila kinachokuja na mvua na hazina njia ya kukitoa. Dioksidi ya salfa huziumiza, za kichaka zinazoning'inia zikitangulia, za gamba zikivumilia zaidi.

Kwetu salfa hiyo ina vyanzo viwili vinavyochanganyika: magari na mioto ya mjini, na volkano yenyewe. Upepo husukuma moshi wa Nyiragongo zaidi kuelekea magharibi. Basi ukikuta Usnea chache upande mmoja, usikimbilie kulaumu motokaa. Chagua miti ya aina moja, unene unaokaribiana, kimo cha kifua, pande zote nne za shina. Fanya hivyo kando ya barabara kubwa, kisha mita 300 ndani, halafu upande wa mashariki na wa magharibi wa mji. Tofauti ya barabara na ndani ni ya magari. Tofauti ya mashariki na magharibi inaweza kuwa ya moshi wa mlima, ukishaondoa ya kimo na ya mvua.

Hatua ya 10: Kuhifadhi

Likeni na kuvumwani hukaa ndani ya bahasha ya karatasi, zikaushwe kivulini bila kubanwa. Ukizilowesha hata baada ya miaka, umbo lake hurudi. Mwani wa majini utazame siku hiyohiyo. Nyuzi ndefu unaweza kuziacha zielee kwenye sahani ya maji, ukapitisha karatasi ngumu chini yake na kuiinua taratibu, zikauke zikiwa zimejitandaza.

Juu ya bahasha andika tarehe, mtaa, kimo kama simu inakionyesha, kimesimama juu ya nini (lava ya mwaka gani, saruji, gome la mti gani), jua au kivuli, upande gani wa jiwe, na rangi kabla na baada ya kupulizia. Sampuli bila maelezo hayo ni takataka iliyokaushwa vizuri. Chukua kidogo, ukubwa wa sarafu, na pale tu ambapo kuna nyingi. Ukitaka jina la uhakika, wapo wanabiolojia katika Chuo Kikuu cha Goma na katika kituo cha utafiti cha Lwiro, Kivu Kusini. Wapelekee nusu ya sampuli, nusu nyingine ibaki kwako ikiwa na namba ileile.